Diski Haionekani

9 Februari

Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kimekuachia mapafu. Huku tupo. Baba anakula, analala, na asubuhi akiwa na nguvu namkalisha kwenye kiti chake cha karakana, kile chenye mto uliopasuka, aone barabara. Mkono wa kulia bado umelala tangu siku ya kiharusi. Wa kushoto umechukua ukorofi wa yote miwili, unachokonoa kila kilicho karibu. Maneno hayajarudi, isipokuwa "chai" na "ondoa", na hayo mawili anayatumia kwa mambo yote ya dunia. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu. Anauliza kama huko mnakosimamisha nguzo za umeme kuna wanawake. Nimemwambia sijui.

Barua yako ya kusema hutakuja Januari, kwamba kampuni imekuongezea muda, nilimsomea Baba yote kwa sauti, kisha nikarudia, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anaangalia mlango. Hakusema "chai" wala "ondoa".

Sasa lililonifanya niandike. Kompyuta yako imekufa. Ilikuwa siku chache baada ya barua hiyo. Nilikwenda sokoni nikiiacha nzima, niliporudi nikaiwasha, ikalia mlio wake wa kawaida, kisha skrini ikawa nyeusi na maandishi meupe yanayosema hakuna diski ya kuwashia. Nimeizima na kuiwasha mpaka Baba akachoka kunitazama. Sura tatu za tasnifu yangu zimo humo na hazipo mahali pengine. Usinihubirie, najua.

La pili ni dogo. Chuo kimeniandikia. Nafasi yangu wataishikilia hadi mwanzo wa Septemba, na nisipofika nitahesabiwa kuwa nimeacha masomo. Nilikuja nyumbani kumuuguza Baba kwa mwezi mmoja. Naliweka hapa ulijue.

Mdogo wako


2 Machi

Profesa mdogo wangu,

Barua yako imefika na lori la mizigo, ikiwa na alama ya kiatu cha dereva, lakini inasomeka. Mimi mzima. Kikohozi kimehamia kwa mpishi. Hapa tulipo milima imetuzunguka pande zote, simu zetu zimebaki kuwa tochi, na ofisi yangu ni kontena la bati ambalo mchana linaoka kompyuta za kampuni na mimi pamoja nazo. Kila tukishamaliza nguzo kadhaa kambi inahama, nami nabeba mashine zangu kama kinyozi wa njiani na kioo chake. Mwambie fundi cherehani kwamba wanawake wapo, ni mainjinia wawili, na wote wawili hawana muda na mimi.

Msalimie sana Baba. Mwambie nakula vizuri.

Kuhusu kompyuta, ondoa shaka. Haijafa. Kilichokufa ni mfumo wake, na mfumo unasakinishwa upya. Kwenye droo ya meza yangu, chini ya zile chaja mbovu, kuna flashi ya buluu. Ndani yake kuna mfumo mzima na programu ya kuusakinisha. Ichomeke, washa, bonyeza F12 bila kuacha mpaka ikuulize iwakie wapi, chagua flashi. Itakuuliza lugha na saa na mambo mengine ya kupoteza muda, wewe kubali tu. Ikifika mahali inapouliza isakinishe kwenye diski ipi, hapo simama, uvute pumzi. Diski niliigawa sehemu mbili. Kazi zako ziko sehemu ya pili. Mfumo uweke ya kwanza, na ya pili usiiguse hata kwa jicho.

Ukimaliza utakuwa na kompyuta nzuri kuliko za chuo, utaandika tasnifu yako hapo hapo nyumbani, na Baba akikutazama.

Kaka yako


30 Machi

Kaka,

Tumepokea salamu na tumezigawa. Baba nilimpa za kwake asubuhi, akasema "chai". Fundi cherehani amesema hao mainjinia wana akili. Mvua imeanza, na bati la jikoni linavuja palepale uliposema umeziba.

Flashi nimeipata. Nilifanya kama ulivyoandika, karatasi yako nikiwa nimeiegemeza kwenye kikombe. Kompyuta iliwaka kwa flashi, ikaniuliza lugha na saa, nikakubali kila kitu kama mtu anayefunga ndoa kwa haraka. Kisha ikafika hapo uliponiambia nisimame. Ilisema: chagua unapotaka kusakinisha mfumo. Chini yake palitakiwa kuwa na orodha. Hapakuwa na kitu, ni mstatili mweupe tu, na chini kabisa maneno madogo kwamba haikupata diski yoyote.

Niliukodolea macho mstatili ule muda mrefu kuliko inavyostahili. Kuna kitufe cha kutafuta upya. Nilikibonyeza, kikazunguka, kikarudi na ule weupe. Siwezi kukueleza jinsi unavyochosha mstatili usiokuwa na kitu. Kama ingesema diski imeharibika ningelia, yakaisha. Inasema haijaiona, basi.

Baba alikuwa macho wakati wote huo. Nimeligundua jambo moja: nikiosha vyombo analala, nikikaa kwenye kompyuta anaamka. Anaisogelea kwa kiti, anaweka kiganja cha kushoto juu ya sanduku lake na kulipigapiga taratibu kama mgongo wa mtoto. Nilidhani vumbi linamkera, nikalifunika kwa kitambaa. Akakitoa. Pale alipo, nyuma yake kuna ile rafu yenye redio alizozitengeneza za wateja ambao hawakurudi. Zote nzima, zimepangwa kwa ukubwa, na hakuna hata moja inayolia. Ndiyo picha ninayoiona nikiinua macho kutoka kwenye skrini.

Je, inawezekana kuna waya umechomoka ndani? Nauliza kama mtu asiyejua.

Hukujibu kuhusu Septemba. Labda kulikuwa na ukurasa ukaanguka kwenye lori.

Mdogo wako


24 Aprili

Profesa,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila mgongo. Tumevuka bonde moja na sasa tuko upande wa upepo, mahema yanapiga makofi usiku kucha na hakuna anayelala vizuri isipokuwa mlinzi.

Kuhusu waya: haiwezekani. Nyaya zile niliziunga mimi mwenyewe kabla sijaondoka, nikazibana na vibanio vya plastiki, na huwezi kuzichomoa kwa bahati mbaya hata ulipige sanduku teke. Usilifungue. Ukianza kuchezea humo ndani utaniundia matatizo mapya juu ya haya. Tatizo liko kwenye mpangilio.

Fanya hivi. Washa, bonyeza F2, utaingia kwenye menyu ya mwanzo yenye rangi ya buluu. Tafuta panapoandikwa jinsi diski inavyoendeshwa. Hapo pana njia mbili, na moja kati yake programu ya kusakinisha haiielewi, ndiyo maana inajifanya kipofu. Badilisha iwe ile nyingine, hifadhi, toka, rudia kusakinisha. Ikigoma tena, kwenye flashi kuna folda ya programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuiona diski, niliyoiita "draiva". Kwenye ule mstatili wako mweupe kuna kitufe cha kupakia draiva, kibonyeze, ielekeze kwenye folda hiyo. Moja ya hizo mbili itafanya kazi. Nimeshawasaidia watu wengi hivyo.

Umenikumbusha rafu ya redio. Unakumbuka tulivyokuwa tukiiba redio pale mchana Baba akisinzia? Tunaenda nayo nyuma ya choo, mimi ndiye fundi, wewe ndiye mpiga debe, tunaweka betri mpya kabisa, na haikulia hata siku moja. Tukiirudisha, akija mwenye redio, inalia mpaka mtaa wa pili. Mimi mpaka leo nasema Baba alikuwa anazisemesha.

Kampuni inataka nibaki mpaka laini ya umeme ifike mtoni. Sijawajibu.

Kaka yako


19 Mei

Kaka,

Salamu. Hapa tupo, na bega la Baba linaendelea vizuri. Fundi cherehani ananisaidia kumgeuza.

Nimebadilisha mpangilio. Nimerudia kusakinisha. Mstatili mweupe. Nimepakia draiva, zote zilizomo kwenye folda, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja kompyuta ilinishukuru na kunionyesha mstatili mweupe. Kisha nikarudi kwenye menyu yako ya buluu na kuisoma yote, maana sasa naisoma kama watu wanavyosoma magazeti. Kuna mahali inaorodhesha matundu ya kuchomekea diski. Mbele ya kila tundu imeandika: hakuna. Sio programu ya kusakinisha peke yake iliyo kipofu, Kaka. Hata kompyuta yenyewe haijui kama iliwahi kuwa na diski.

Nakuandikia mchana, Baba amelala. Ningependa kukueleza siku yangu inavyokwenda, lakini nikianza naona ni orodha ya mashuka. Namwosha, namlisha supu, namfuta supu, namwosha. Katikati nakaa mbele ya skrini na kujifunza majina ya vitu ambavyo sitavihitaji tena. Juzi nilijaribu kuandika sura ya nne kwa mkono, nikagundua sikumbuki sura ya tatu iliishia wapi. Nilikuwa najua mambo fulani mimi. Sijui yamekwenda wapi.

Barua zako ni ndefu sana zinapohusu draiva.

Mdogo wako


20 Juni

Mdogo wangu,

Bega gani?

Barua hii inakuja na dereva mwenyewe, nimemwomba akuletee mkononi. Ndani ya soksi kuna diski mpya. Soksi ni safi, usiikimbie. Kama matundu yote yanasema hakuna, basi ile ya zamani imekufa kweli, na sura zako zimekwenda nayo, pole sana. Sitasema niliyoyasema moyoni. Fungua sanduku sasa, hakuna njia. Skrubu za nyuma ni mbili. Toa ya zamani, weka mpya mahali pake, nyaya zilezile, funga, sakinisha. Mstatili hautakuwa mweupe tena, nakuhakikishia.

Tukilimaliza hili utasomea hapo hapo. Nimezungumza na mmoja wa mainjinia, anasema siku hizi vyuo vinaruhusu mtu kuandika tasnifu akiwa mbali. Sioni kwa nini usafiri na hali ya Baba unaijua. Kompyuta ikipona kila kitu kitakaa sawa.

Niambie kuhusu bega.

Kaka yako


28 Julai

Kaka,

Dereva alifika, akakataa kukaa, akanywa maji amesimama, akasema unajitenga sana siku hizi na hucheki na watu. Nakupa salamu zako mwenyewe kama zilivyonifikia. Fundi cherehani anashona sare za shule, cherehani yake inasikika mpaka humu ndani na imekuwa kama saa yetu ya ukutani. Baba hajambo. Bega ni lile aliloangukia mwezi wa tano. Alitaka kusimama peke yake. Nilikuwa nimempa mgongo, nabadilisha mpangilio wa diski.

Nimefungua sanduku. Nilingoja Baba alale, nikalishusha sakafuni, nikageuza skrubu za nyuma. Hazikuhitaji bisibisi, zilizunguka kwa vidole. Ndani kulikuwa na vumbi la kijivu kila mahali, isipokuwa mahali pamoja palipokuwa pasafi, kana kwamba pamefutwa kwa mkono wa shati. Pale ndipo ilipo diski. Kibanio chako cha plastiki kilikuwa kimekatwa. Waya wa umeme unaoingia kwenye diski ulikuwa umechomolewa. Haukuwa umelegea, wala haukuwa umeliwa na panya. Ulikuwa umekunjwa, ukalazwa pembeni, ukafungwa uzi mwekundu wa jirani yetu, na fundo limekazwa kwa nguvu sana. Ncha moja ya uzi ilikuwa imetafunwa. Mtu mwenye mkono mmoja hukaza fundo kwa meno.

Nilikaa sakafuni, cherehani inalia huko nje, na nikaelewa mambo ya miaka mingi kwa mpigo mmoja.

Wewe ulipokwenda shule ya bweni mimi nilibaki. Nikitoka darasani nilifanyia kazi zangu za shule chini ya meza ya karakana, ndiyo maana najua kitu usichokijua. Baba hakuwa akizisemesha redio. Akishamaliza kutengeneza, kabla hajaiweka rafuni, alikuwa anachomoa waya mmoja, anaukunja, anaufunga uzi, kisha anafunika. Redio inakaa pale ikiwa nzima, lakini hailii kwa mtu yeyote. Haiwezi kuibwa ikaenda kuimba kwingine. Akija mwenyewe, Baba anaifungua mbele yake, anafungua uzi, anachomeka, anaigeuza imtazame mwenye mali, halafu anasema, "Jaribu." Hakuwahi kuichomekea redio mtu aliyetumwa. Walikuwa wakija watoto, wake, wadogo wa mtu, anawaambia waende wamwite mwenyewe. Watu walikasirika. Wengine hawakurudi, ndio hao walio rafuni.

Sasa rudi kwenye barua yangu ya Februari, kama hujaitupa. Nilimsomea kwamba hutakuja. Siku chache baadaye nikaenda sokoni.

Nilipoinua macho, Baba alikuwa ameamka. Alikuwa ananitazama pale sakafuni, mimi na sanduku lililofunguliwa na ule waya mkononi mwangu. Sikuona hasira. Alikuwa na ule uso wake wa kazini, anapongoja uone mwenyewe. Nikamuuliza, "Ni ya nani hii, Baba?" Akatazama mlango.

Najua unachokifikiria. Unafikiria: chomeka waya, washa, sura zako zimo, kila kitu kitakaa sawa. Nami nililifikiria. Niliushika waya ule muda mrefu. Diski nzima ipo, kazi yangu imo, ni suala la kusukuma kidogo tu. Nikisukuma, kompyuta imepona. Ikipona, nitasomea hapo hapo. Wewe utafika mtoni na laini yako, na kutoka mtoni watakuambia mpaka mlimani.

Sikuuchomeka. Nimerudisha kifuniko. Diski yako mpya nimeirudisha kwenye soksi na soksi iko kwenye droo. Wewe uliniambia nyaya hizo haziwezi kuchomoka kwa sababu uliziunga mwenyewe, na mimi nikakuamini kwa miezi yote hii kuliko nilivyoyaamini macho yangu na Baba aliyekuwa akilipigapiga sanduku mbele yangu. Tumehangaika na menyu na draiva, na yeye muda wote alikuwa anatuambia tatizo liko wapi.

Kaka, mimi naondoka tarehe 2 Septemba. Nimeshawajibu chuo. Sura tatu nitaziandika upya, ninaanza kuzikumbuka tangu nilipoacha kusoma menyu. Fundi cherehani amekubali kulala hapa siku mbili, hawezi zaidi, ana sare za watu. Baada ya siku hizo mbili sijui. Sikuandikii kukuomba. Nimekuomba tangu Februari, nikaona unaujibu ukurasa mwingine.

Kompyuta yako iko rafuni, imekamilika. Inamngoja mwenyewe.

Mdogo wako


11 Septemba

Mdogo wangu,

Natumaini umepata chumba chenye dirisha na kwamba wenzako wa chumba hawakoromi. Naandika nikiwa kwenye meza yangu. Bati la jikoni linavuja kweli, nimepanda juu na sasa linavuja pembeni kidogo.

Tumepishana. Barua yako ilinifuata kambi mbili kabla ya kunipata, na lori la kurudi liliharibika njiani tukalala chini yake. Nilipofika juzi ulikuwa umeshaondoka. Mlangoni nilimkuta fundi cherehani na mkasi shingoni, siku zake mbili zimekuwa saba. Hakunisalimu. Alinitazama kuanzia viatu, akasema, "Mzigo wako huo ndani. Mimi nina sare za watu." Kisha akaja jioni na supu, akaiweka mezani, akaondoka. Nadhani ninaadhibiwa, na sioni dalili ya mwisho.

Baba amekonda. Hukuniandikia kwamba amekonda hivi. Hukuniandikia mengi. Jana nilimwosha kwa mara ya kwanza, nikamwaga maji mpaka sebuleni, akaniambia "ondoa" kwa sauti ambayo sikuhitaji kuuliza anamaanisha nini. Niliona alama ya bega. Nilikuwa nataka kukuandikia kitu kuhusu hilo na nimekaa nalo tangu asubuhi. Nitakuandikia nikiweza.

Sasa kuhusu kompyuta. Siku niliyofika hakunitazama sana. Nilidhani hanijui, nikaogopa. Asubuhi yake, baada ya chai, alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea rafuni na kuuacha hewani mpaka nikaelewa. Nikalishusha sanduku, nikaliweka mezani mbele yake. Nilitaka kumsaidia skrubu, akanipiga vidole. Alifungua mwenyewe. Akaingiza kichwa ndani, karibu uso mzima, na nikasikia anavyohangaika na uzi kwa meno. Alichukua muda mrefu na mimi nilisimama tu, fundi wa kompyuta mzima, nimeshika kikombe. Alipoutoa uzi aliutema kwenye kiganja changu. Akachomeka waya. Akaligeuza sanduku lote, kwa mkono huo mmoja, likanitazama. Halafu akasema, "Jaribu."

Hivyo hivyo, neno zima, bila kukwama popote.

Nikawasha. Nikarudisha mpangilio wa diski niliokufanya uubadilishe, na haikuuliza flashi wala draiva. Ilifunguka ilivyokuwa, kwenye ukurasa uliouacha wazi siku ile ulipokwenda sokoni. Mfumo haukuwahi kuwa na tatizo lolote. Sura zako zote ziko salama. Nimezinakili kwenye ile flashi ya buluu, imo ndani ya bahasha hii, na nimezinakili tena kwenye diski ya soksi. Nilisoma kidogo. Sikuelewa, lakini ya tatu inaishia katikati ya sentensi.

Baba alisikiliza feni inavyozunguka, akaridhika. Kisha akalisukuma sanduku kuelekea kwangu mpaka ukingoni mwa meza, na kutazama mlango. Nikakumbuka ulivyoandika kuhusu redio. Mtu akishajaribu kitu chake akaona kinafanya kazi, hukichukua na kwenda zake.

Nikazima. Nikachomoa ule waya, nikaukunja, nikaufunga uzi wake uleule uliolowa mate, nikarudisha sanduku mbele yake. Nikamwambia bado sijaja kuichukua, aendelee kunitunzia. Aliinama akalichunguza fundo langu. Akalifungua kwa meno, akalifunga upya yeye mwenyewe. La kwangu lilikuwa limelegea.

Kaka yako